Speak & Spell: albamu iliyojengwa nota moja moja

Wengi huijia Speak & Spell kinyumenyume. Wameshaizoea bendi ya Depeche Mode ilivyokuwa nzito mwaka 1990, kisha wanarudi kwenye albamu ya kwanza ya 1981 na kukuta muziki mwepesi, wa kurukaruka. Lawama huangukia mashairi ya Vince Clarke, mmoja wa wanabendi, aliyeandika nyimbo 9 kati ya 11. Mashairi ni mepesi kweli, sitayatetea. Ila wepesi wa muziki wenyewe ulitoka kwenye vyombo.

Vijana hawa wanne wa Basildon, Essex, walikuwa na umri wa miaka 19 hadi 21. Dave Gahan aliimba. Waliobaki walikuwa na sinteza (kinanda kinachounda sauti kwa umeme) za bei nafuu: Clarke na Kawai 100FS, Martin Gore na Yamaha CS-5, Andy Fletcher na Moog Prodigy. Zote tatu hutoa nota moja tu kwa wakati. Bonyeza vitufe vitatu pamoja, utasikia nota moja. Nota tatu za kulia pamoja ilibidi zigawanywe kwa watu watatu, au zirekodiwe moja baada ya nyingine kwenye tepu. Ndiyo maana nyimbo hizi zimejaa vijimistari vinavyopokezana: besi inauliza, sauti ya juu inajibu, ya tatu inapenya katikati. Sikiliza New Life ukifuata besi peke yake, kisha irudie ukifuata sauti ya juu. Kuna nafasi kubwa kati yake, na hiyo nafasi ndiyo inayochezesha.

Kazi ilifanyika Blackwing, studio ya kusini mwa London iliyokuwa ndani ya kanisa lililokwisha kuacha kutumika kwa ibada. Daniel Miller, mwenye lebo ya Mute, alitayarisha pamoja na bendi, naye alileta sinteza ya ARP 2600 na sekwensa yake, kifaa kinachocheza nota zilizopangwa hatua kwa hatua. Ngoma nyingi unazosikia ni sinteza hiyo iliyochongwa mpaka ikadunda.

Kuchonga ngoma hivyo kunawezekana kwa sinteza ya analogi ambayo filta yake (sehemu inayochuja sauti) inaweza kulia yenyewe. Kwa kiki, ngoma nzito ya chini, funga oskileta zote (vitoa sauti), pandisha resonansi ya filta, yaani mkazo wa mlio wake, hadi filta ianze kulia yenyewe, kisha tumia envelopu, inayoongoza mabadiliko ya sauti kwa muda, kuivuta kutoka juu kushuka hadi kama hezi 50 ndani ya milisekunde 150 au 200. Resonansi ikipungua kidogo tu, filta inanyamaza na unabaki na mlio mkavu wa "tk". Ukirefusha mshuko, kiki inaingia kwenye besi na vyote viwili vinakuwa tope. Kwa sneya, ngoma kali ya juu, chukua kelele nyeupe (mvumo wa "shhh"), ongeza nota fupi ya chini, kata haraka. Kelele pekee itasikika kama mvuke. Ile nota ndiyo inayoipa mwili.

Hesabu inaonyesha kwa nini ufupi ni lazima. Just Can't Get Enough inakwenda takriban mapigo 128 kwa dakika, kwa hiyo robo ya pigo ni milisekunde 117 hivi. Sauti inayorudi kila robo ya pigo ikizidi hapo, inakanyaga inayofuata. Na sekwensa ya hatua 16 inamaliza mzunguko kwa sekunde 1.9, halafu inarudia bila huruma. Mtunzi anayetegemea mzunguko mfupi hivyo ataandika vipande vifupi vinavyonasa, apende asipende.

MIDI, lugha ya kidijiti ya kuunganisha ala, haikuwepo hadi 1983. Vyombo viliongozwa kwa volti: kwenye ARP 2600 ni volti 1 kwa oktava, maana yake nusu-toni ni milivolti 83 tu. Kosa dogo la volti, na nota imepotoka. Joto nalo huhamisha oskileta, hivyo sinteza huwashwa nusu saa kabla ya kurekodi, na nota zake hurekebishwa upya kabla ya kila mstari. Asiyefanya hivyo ataona mstari wa jioni haukubaliani na wa asubuhi.

Nyimbo mbili za Gore, Tora! Tora! Tora! na Big Muff (haina maneno), zina kiza kidogo ambacho wengine hukipita haraka. Any Second Now (Voices) ni ya Clarke, lakini Gore ndiye anayeiimba, na kwangu ndiyo wimbo uliozeeka vizuri kuliko yote: hauna haraka, na upole wa sauti yake unaiachia sinteza nafasi ya kupumua. What's Your Name? ruka tu.

Ukitafuta nakala, angalia orodha ya nyimbo. Toleo la Uingereza lina I Sometimes Wish I Was Dead. La Marekani liliiondoa na kuweka Dreaming of Me, singo yao ya kwanza, na Just Can't Get Enough imo kwa toleo refu. Chukua la Uingereza kwanza, maana mpangilio wake unamalizia na Just Can't Get Enough kwa urefu unaofaa. Photographic nayo ilirekodiwa mapema kwa mkusanyiko wa lebo ya Some Bizzare. Zilinganishe: ile ya awali ni kavu na kali zaidi, na ngoma zake ziko wazi kiasi kwamba unaweza kuzihesabu hatua moja moja.