Beji isiyotaja jina: kumbukumbu ya mradi wangu

Kwa anayeanza kusoma hapa: ninajenga mfumo mdogo wa beji kwenye Ethereum, mtandao wa blokucheni, yaani daftari la pamoja la kidijitali lililo wazi kwa wote. Mtu aliyejijengea sifa kwenye akaunti ya zamani, labda kwa kuchangia msimbo kwenye programu huria au kupiga kura kwenye maamuzi ya jumuiya yake, anaihamishia sifa hiyo kwenye pochi mpya bila yeyote kujua pochi hiyo ni ya nani. Beji inasema "mwenye pochi hii ni mmoja wa wale wachangiaji". Ni yupi kati yao, haisemi.

Wazo la tokeni zisizohamishika, zinazobaki na mwenyewe kama cheti, lilishika kasi Mei 2022 baada ya andiko la Puja Ohlhaver, Glen Weyl na Vitalik Buterin. Wengi walilishangilia. Mimi nilibaki nikifikiria upande wa pili: kilichoandikwa kwenye blokucheni hakifutiki, na kila mtu anakisoma. Ukizirundika beji zako zote kwenye pochi moja, umemkabidhi mtu usiyemjua wasifu wako mzima, salio likiwamo. Mwaka huohuo watu wa mradi wa Sismo walitoa beji zinazotumia uthibitisho wa maarifa sifuri, yaani kuthibitisha kwamba unajua jambo bila kulitoa jambo lenyewe. Nadharia yake ni ya siku nyingi. Goldwasser, Micali na Rackoff waliiweka wazi mwaka 1985. Mimi nimejenga juu ya Semaphore, programu huria ya uthibitisho wa aina hiyo, kwa sababu saketi zake, yaani orodha za masharti ya hesabu ambayo uthibitisho lazima uyatimize, zimeshapitiwa na macho mengi. Sina hamu ya kutunga kriptografia yangu mwenyewe, na ningeomba nawe usiwe nayo.

Kinachofanya kazi tayari

Usajili umekamilika. Mwanachama anatengeneza siri ndani ya kivinjari chake, na siri hiyo haitoki humo. Kinachotoka ni namba moja ndefu iliyozaliwa na siri hiyo baada ya kupitishwa kwenye hashi ya Poseidon, hesabu isiyoweza kurudishwa nyuma, na namba hiyo inawekwa kama jani kwenye mti wa Merkle, muundo unaounganisha namba mbilimbili kwa hashi hadi ibaki moja juu, yaani mzizi. Mti wangu una ngazi 20, yaani nafasi ya majani 1,048,576. Sitaujaza kamwe. Poseidon imetumika kwa sababu za uchumi tu: ndani ya saketi inagharimu mamia ya masharti ya hesabu, wakati SHA-256 ingedai zaidi ya 20,000 kwa kazi ileile.

Kudai beji nako kumekaa sawa kwenye Sepolia, mtandao wa majaribio. Hapa ndipo ninapopenda kukaa na kutazama. Unabofya, kivinjari kinachukua siri yako pamoja na njia ya hashi kutoka jani lako hadi kwenye mzizi, feni inaanza kuvuma, ukurasa unaganda kidogo, kisha zinatoka namba 8. Ndizo uthibitisho wote, baiti 256. Mbinu ni Groth16, iliyotolewa na Jens Groth mwaka 2016. Mkataba mahiri, yaani programu inayoishi kwenye blokucheni, unazipokea, unazihakiki, unakubali kwamba jani lako limo kwenye mti, na hauna namna ya kujua ni lipi. Bei ya uhakiki huo inavumilika kwa sababu Ethereum iliongezewa hesabu zinazohitajika kwenye sasisho la Byzantium la Oktoba 2017. Bila hizo mradi huu ungebaki kwenye karatasi.

Kuna sharti moja ndani ya mkataba ambalo usipoliweka yote haya ni bure. Uthibitisho ukishatumwa, kabla haujaingia kwenye bloku, unaonekana na kila mtu. Mjanja anaweza kuzinakili zile namba 8, akalipa gesi, yaani ada ya muamala, kubwa zaidi na kuidai beji kwa pochi yake. Kwa hiyo anwani ya pochi inayopokea imefungwa ndani ya uthibitisho wenyewe. Ukibadilisha herufi moja ya anwani, uhakiki unakataa.

Beji yenyewe inafuata ERC-5192, kiwango kifupi mno ambacho kazi yake ni kutangaza kwamba tokeni imefungwa. Kufunga kwenyewe ni juu yako: kitendakazi cha kuhamisha kinakataa kila ombi. Hilo halimzuii mtu kuuza ufunguo wa siri wa pochi nzima, na sijaona dawa yake isiyoleta ugonjwa mwingine.

Nalifaya

Hii imekula muda wangu mwingi kuliko vingine vyote. Mtu mmoja asipewe beji kumi kwa sifa moja, lakini tutajuaje ni yuleyule ikiwa hatumjui? Jibu ni nalifaya: namba inayotokana na siri yako ikichanganywa na kitambulisho cha beji husika. Ukidai mara ya pili, inatokea namba ileile, mkataba unaiona kwenye orodha ya zilizokwisha tumika na kukurudisha. Ukienda kudai beji nyingine, kitambulisho ni kingine na namba inabadilika kabisa, kwa hiyo hakuna anayeweza kuziunganisha hizo mbili.

Ugumu uko kwenye chanzo cha siri. Kama nalifaya ingetokana na anwani yako ya zamani peke yake, mtu angechukua orodha nzima ya anwani, akakokotoa nalifaya ya kila moja, na kukukuta ndani ya dakika chache. Basi tutumie sahihi ya pochi? Sahihi za ECDSA, aina inayotumiwa na pochi za Ethereum, hazikubali: ujumbe mmoja na ufunguo mmoja vinaweza kutoa sahihi nyingi tofauti, zote halali, na kila sahihi mpya ingempa mtu beji mpya. Sismo waliweka katikati huduma iliyofunganisha kila anwani na ahadi moja tu, yaani namba moja iliyozaliwa na siri ya mwenyewe. Inafanya kazi, lakini inakulazimu kuiamini huduma hiyo. Kuna pendekezo linaloitwa PLUME, ERC-7524, linalotaka pochi zenyewe zitoe nalifaya isiyobadilika. Siku pochi zikilikubali, nitabomoa nusu ya msimbo wangu kwa furaha.

Kwa sasa mwanachama anajisajili mapema kwa siri yake. Faida ni kwamba simwamini mtu wa katikati. Hasara ni kubwa: unajificha tu miongoni mwa waliojisajili. Wachangiaji wakiwa 900 na waliojisajili wakawa wanne, beji yako inasema wewe ni mmoja wa wanne. Njia ya Sismo ilikuwa na ubora hapa, maana orodha iliundwa kutoka taarifa zilizo hadharani na kila aliyestahili alikuwamo tangu mwanzo, ajue asijue.

Wapo walioniuliza kwa nini nisiizalishe siri kutoka kwenye sahihi ya ujumbe fulani, ili mtu asihangaike kuitunza. Inavutia, na miradi kadhaa inafanya hivyo. Lakini tovuti yoyote ya kitapeli ikikushawishi kusaini ujumbe uleule, imepata siri yako na historia yote ya beji zako. Nimeikataa. Mwanachama anapakua faili ya siri na kuitunza mwenyewe.

Panapovuja

Hesabu hazijavuja hata mara moja. Kinachovuja ni tabia za watu.

Gesi ndiyo ya kwanza. Pochi mpya haina kitu, na kudai beji kunahitaji ada. Mtu anatoa wapi? Anajitumia kutoka kwenye pochi ya zamani. Fungua kichunguzi cha bloku uone: mstari wa kwanza kabisa wa historia ya pochi mpya ni malipo kutoka kwenye ile aliyotaka kuificha. Amejifunika shuka gubigubi, miguu iko nje. Nimeongeza seva inayompelekea mtu muamala na kumlipia gesi. Haiwezi kuiba beji, kwa kuwa anwani imefungwa kwenye uthibitisho, ila inaona anwani ya IP, na hilo nimeliandika kwa herufi kubwa kwenye ukurasa wa kudai.

Muda ni wa pili. Anayejisajili saa nne na robo kisha akadai beji saa nne na nusu amejitaja mwenyewe. Sasa majani mapya yanaingizwa kwa mafungu mara moja kwa wiki, na beji haidaiwi kabla fungu halijaingia.

Ya tatu sina jibu lake kamili. Tuseme pochi mpya ina beji tatu: moja ya kundi la watu 5,000, nyingine la 800, nyingine la 300. Kila moja peke yake inakuficha vizuri. Walio ndani ya makundi yote matatu wanaweza kuwa sita, au wewe peke yako. Latanya Sweeney alionyesha mwaka 2000 kwamba takriban asilimia 87 ya wakazi wa Marekani wangeweza kutambulika kwa vitu vitatu tu: msimbo wa posta, jinsia na tarehe kamili ya kuzaliwa. Hakuna kati ya hivyo kinachoonekana cha hatari kikiwa peke yake.

Nilichoanza kujaribu ni kuacha kabisa kuonyesha beji nyingi kwenye pochi moja. Badala yake saketi inahakiki sifa zote kwa ndani na kutoa beji moja yenye kizingiti: "ana angalau sifa mbili kati ya hizi tano". Msomaji hajui ni zipi. Saketi hiyo haimo ndani ya Semaphore, kwa hiyo ninaiandika kwa Circom, lugha ya kuandikia saketi, juu ya vipande vyao, na haitatoka Sepolia mpaka mtu mwingine aikague. Kwa sasa inakubali miti miwili, mmoja kwa kila sifa. Kivinjari cha simu kinaishiwa kumbukumbu kabla ya kufika wa tatu.