Bawaba Iliyogoma Saa Tisa Usiku

Kwenye meza ya karakana ilikuwa imefunguka mara 40 bila kukosea. Bawaba ya paneli ya sola, yatosha kiganjani: mwili wa alumini, pini ya chuma yenye kipenyo cha milimita 10, springi mbili za kuisukuma. Kazi yake ni ya mara moja tu. Satelaiti ikishafika juu, paneli ikunjuke. Isipokunjuka, hakuna fundi wa kuifuata huko.

Tuliifungia kwenye chemba ya kuigiza hali ya angani, pampu zikanyonya hewa, tukaanza kuipoza. Saa tisa usiku kipimajoto kilisoma nyuzi −80. Nikabonyeza kitufe, kifungo kilichoishika paneli kikaachia. Kupitia kidirisha nikaiona paneli ikisogea upana wa kidole, ikasimama.

Nikasema tuweke springi kali zaidi. Mkuu wetu akatikisa kichwa. "Hapana, kijana. Springi kali itatufichia ugonjwa. Kwanza tujue kinachoishika ni nini." Akanikumbusha chombo cha angani cha Galileo, kilichorushwa 1989: Aprili 1991 antena yake kubwa iliamriwa ifunguke, mbavu chache kati ya 18 zikang'ang'ania, na haikufunguka kamwe.

Grisi haikuwa ya kushukiwa. Hatukuitumia, maana kwenye baridi ile huwa nzito na kwenye ombwe, pasipo hewa, huvukiza. Pini ilipakwa kilainishi kikavu cha molibdenamu. Nikachukua karatasi. Alumini husinyaa karibu mara mbili ya chuma kile. Kwa pini ya milimita 10 na mshuko wa nyuzi 100, kutoka 20 za chumbani hadi −80, tundu husinyaa kuipita pini kwa mikroni 12 hivi, yaani sehemu 12 za elfu za milimita. Nafasi niliyoiacha kwenye mchoro ilikuwa mikroni 10. Nilikuwa nimetaka bawaba isiyochezacheza hata kidogo, nikaipigia hesabu kwa joto la chumbani. Niliitazama ile 10 kwa muda mrefu. Mwandiko ulikuwa wangu.

Kama hesabu ilikuwa sahihi, pini ingeachiwa karibu na −63. Nikaiandika namba hiyo pembeni ya karatasi, nikamwonyesha mkuu, tukaanza kuipasha chemba moto pole pole, wote wawili tumeegemea kidirisha. −70. −66. Ilipofika −61 paneli ikatetemeka, kisha ikafunguka yote, ikagota kwenye kikomo chake.

Mkuu alinisogezea kiti. Kulipokucha nilikuwa nachora bawaba mpya, nafasi mikroni 40.