Jinsi tulivyomlalamikia hakimu aliyegonga muhuri kwenye mkataba wa shamba

Mke wangu ni Mfilipino, na shamba la minazi lililonifanya nizijue taratibu za mahakama za kwao lilikuwa la babu yake mzaa mama. Warithi walikuwa watatu: mama mkwe wangu, kaka yake mkubwa, na mdogo wao wa mwisho ambaye ni baharia. Mama mkwe alipopata nakala ya mkataba wa mauziano wa shamba hilo, alikuta sahihi tatu na maelezo kwamba warithi wote walifika wenyewe mbele ya hakimu wa mahakama ya mji na kukiri kuwa wameuza kwa hiari yao. Yeye hakuwahi kufika mbele ya hakimu huyo, na mdogo wake tarehe hiyo alikuwa melini.

Kwa mtu aliyekulia Tanzania, ambako watu huenda Mahakama ya Mwanzo kuapa viapo vya vyeti vilivyopotea na majina yanayotofautiana, muhuri wa hakimu kwenye karatasi ya mtu binafsi si jambo la kushtua. Ufilipino hali ni nyingine. Mahakimu wa mahakama za mji ni wathibitishaji wa hati kwa wadhifa wao, na mamlaka hayo yanatokana na sheria za zamani, ikiwemo Sheria ya Mahakama ya 1948. Lakini Mahakama ya Juu, kwa Waraka Na. 1-90 wa tarehe 26 Februari 1990, iliwaambia bayana kwamba wanaweza kuthibitisha zile hati tu zinazohusiana na kazi yao ya uhakimu. Mikataba ya mauziano na hati nyingine za watu binafsi ni kazi ya mawakili, kwani hakimu amekatazwa kufanya uwakili. Waraka umeacha mlango mmoja: pale ambapo mji, au eneo zima la mahakama, halina wakili wala mthibitishaji, hakimu anaruhusiwa kufanya kazi hiyo kwa masharti mawili, yaani aandike kwenye hati yenyewe kwamba wataalamu hao hawapo, na ada yote iende kwa mweka hazina wa mji kwa kuwa ni mali ya serikali.

Niliposoma masharti hayo niliona kwamba tunayo kesi. Kazi ngumu ilikuwa kuwashawishi wakwe zangu waachane na kesi waliyokuwa nayo vichwani mwao. Mama mkwe alitaka barua ieleze kwamba hakimu amehongwa, na binamu wa mke wangu alitaka tuongeze kesi ya mpaka ambayo hakimu huyohuyo aliwahi kuiamua dhidi yake. Nilikataa yote mawili. Uamuzi unaodhaniwa kuwa na makosa hutibiwa kwa rufaa, na Mahakama ya Juu ya huko imesema mara nyingi kwamba malalamiko ya kinidhamu si mbadala wa rufaa. Hongo nayo huhitaji ushahidi, na sisi tulikuwa na hasira tu. Tuhuma moja isiyothibitika huwapa wasomaji sababu ya kuzitilia shaka zile zinazothibitika.

Kwa hiyo tulifuata karatasi za serikali. Kwa karani wa mahakama ya mkoa tuliomba cheti kinachoonyesha mawakili waliokuwa na kibali cha kuthibitisha hati mwaka ule, maana vibali hivyo hutolewa na mahakama kwa miaka miwili na kumbukumbu zake zipo hapohapo. Mmoja wao ofisi yake inatazamana na kanisa la mji, hatua chache kutoka mahakamani. Kwa mweka hazina wa mji tuliomba cheti kingine kueleza kama mahakama iliwasilisha ada yoyote ya uthibitishaji mwezi ule. Akaandika kwamba hakuna iliyopokelewa. Mkataba wenyewe pia ulikuwa shahidi. Chini kushoto, mahali ambapo hati za Ufilipino hubeba namba ya hati, ukurasa, kitabu na mwaka, palikuwa na mistari mitupu, na hapakuwa na neno lolote kuhusu kukosekana kwa mawakili. Baharia akatuletea nakala ya kitabu chake cha ubaharia chenye mihuri ya kupanda na kushuka melini.

Kanuni ya 140 ya Kanuni za Mahakama za Ufilipino, ile inayohusu nidhamu ya mahakimu, inataka malalamiko yawe ya maandishi, yaeleze waziwazi tendo linalolalamikiwa, yaapwe na mlalamikaji, na yaambatane na viapo vya wenye kujua jambo au hati za kulithibitisha. Mama mkwe aliapa mbele ya yule wakili wa karibu na kanisa, nami nikafurahi kimoyomoyo kwamba muhuri wake kwenye malalamiko yetu ulikuwa ushahidi wa ziada. Bahasha ilikwenda Manila, katika Ofisi ya Msimamizi wa Mahakama, kwa sababu Katiba ya 1987 imeweka usimamizi wa mahakimu wote chini ya Mahakama ya Juu peke yake. Kwetu Tanzania, kamati za maadili ya maafisa wa mahakama ngazi ya wilaya na mkoa huongozwa na mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa. Baada ya kuona utaratibu wa Manila, naona ni afadhali mwanasiasa asikae kwenye kiti hicho.

Hakimu alipotakiwa kujibu, mwenyekiti wa kijiji alikuja nyumbani na ujumbe kwamba yakitiwa sahihi maandishi ya kufuta malalamiko, kaka mkubwa ataombwa arudishe sehemu ya fedha alizolipwa kwa shamba. Nilimweleza mama mkwe kwamba hata akitia sahihi shauri halifi, kwa kuwa mbele ya Mahakama ya Juu mlalamikaji ni shahidi tu na nidhamu ya hakimu si mali yake ya kusamehe. Alimpa mgeni kahawa, na karatasi ikarudi ilivyokuja.

Katika utetezi wake hakimu alisema alitaka kuwasaidia wananchi maskini wasio na ada ya wakili. Uamuzi ulijibu kwamba nia njema haiongezi mamlaka. Alitozwa faini kwa kukiuka waraka, kosa ambalo kwa kanuni za wakati ule lilikuwa na faini ya zaidi ya peso 10,000 hadi 20,000, na akaonywa kwamba akirudia adhabu itakuwa kali zaidi.

Binamu aliuliza shamba limerudi lini. Halikuwa limerudi, kwa kuwa adhabu ya hakimu haifuti mkataba. Uthibitisho wenye kasoro huishusha hati kutoka hati ya umma hadi hati ya kawaida, na anayeitegemea hulazimika kuthibitisha sahihi zake badala ya kuachiwa dhana kwamba ni za kweli. Tulifungua kesi ya madai, na mnunuzi hakupata mtu wa kuapa kwamba alimwona mama mkwe au baharia akitia sahihi. Kwa kuwa sheria ya madai ya huko humruhusu mrithi kuuza fungu lake mwenyewe hata kabla ya mgawanyo, mnunuzi alikubali kubaki na theluthi ya kaka mkubwa, mpima ardhi akaitwa, na theluthi mbili zikaandikishwa kwa majina ya mama mkwe na mdogo wake.