Kokopiti iliyotumika: chumvi hutoka, hewa hairudi

Mtu akitaka kurudia kutumia kokopiti (unga na nyuzi za makumbi ya nazi za kupandia) baada ya mavuno, jambo la kwanza analokimbilia ni kuosha chumvi. Si vibaya, ila hiyo ndiyo kazi nyepesi kuliko zote. Kinachoangusha zao la pili aghalabu ni mizizi iliyobaki ikaozea ndani, na hewa iliyopotea kwa sababu chenga na nyuzi zimesagika kuwa vumbi. Chumvi huondoka na maji. Hewa ikishapotea, uoshe utakavyoosha, hairudi.

Uamuzi wa kurudia au kutupa hufanywa mmea ukiwa bado umesimama. Ng'oa mmoja ulio dhaifu na mmoja wenye afya, uangalie mizizi. Rangi ya krimu, hata yenye kahawia kidogo ya uzee, haina shida. Sasa shika mzizi mwembamba kwa vidole viwili uuvute taratibu: ganda la nje likivuka kama soksi na kuacha uzi mtupu, huo ni uozo wa Pythium, kimelea kama kuvu kinachopenda maji, au jamaa zake. Vinundu kwenye mizizi ya nyanya au tango ni minyoo fundo. Pasua na shina karibu na shingo. Mishipa ikiwa ya kahawia, shuku mnyauko. Kutofautisha wa bakteria na wa Fusarium (kuvu), kata kipande cha shina, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi ncha iliyokatwa ikiwa chini, usikitikise. Utelezi mweupe kama maziwa ukianza kuteremka ndani ya dakika chache, ni bakteria.

Minyoo fundo, mnyauko wa aina yoyote, au majani yenye dalili za virusi vya mozaiki (mabaka ya kijani na njano): tupa kokopiti hiyo, usiihurumie. Virusi vya mozaiki ya nyanya hudumu muda mrefu ndani ya mabaki makavu ya mizizi na huvumilia joto linaloua kuvu. Gharama ya kokopiti mpya ni ndogo kuliko msimu mzima uliopotea. Yenye Pythium peke yake inaokoleka kwa joto, nitafika huko.

Ukishaamua kurudia, kata shina usawa wa uso wa kokopiti, simamisha umwagiliaji siku tatu hadi tano. Kokopiti ikikauka kidogo, bonge la mizizi hutoka zima likivutwa. Ikiwa imelowa, mizizi hukatika na nusu yake kubaki. Usiiache ikauke kabisa, itakutimulia vumbi na kazi ya kuilowesha upya itakuwa ndefu. Kung'uta bonge, pitisha kilichobaki kwenye chekeche la matundu ya milimita 6 hivi. Vijizizi vyembamba kama nywele havitaisha, na hakuna haja ya kuviokota kimoja kimoja. Lundika kokopiti ikiwa na unyevu wa sponji iliyokamuliwa, igeuze kila wiki kwa wiki mbili au tatu, vitaoza vyenyewe. Ukipanda kabla havijaoza, vijidudu vinavyovila hunyang'anya mche naitrojeni, na vile viinzi vidogo vyeusi ambavyo funza wao hutafuna mizizi hupata karamu.

Haya, chumvi. Kwa kila lita 10 za kokopiti, mimina lita 10 za maji, subiri robo saa, chuja. Pima EC (kipimo cha chumvi iliyoyeyuka) ya maji uliyomimina na ya yaliyotoka. Rudia mpaka tofauti isizidi 0.5 mS/cm; mara mbili au tatu kwa kawaida hutosha. Kipimo cha maji yanayoingia watu hukisahau, wanaishia kuosha mara nane wakifukuza namba ambayo kisima chao chenyewe hakiwezi kuifikia. Kama maji yako yana sodiamu nyingi, tumia ya mvua. La sivyo unaongeza unachotaka kutoa.

Usumba una sehemu zinazonasa madini, na kokopiti mpya huja sehemu hizo zikiwa zimeshikwa na potasiamu na sodiamu. Ndiyo maana mpya isiyotayarishwa hudaka kalsiamu ya mbolea kabla mmea haujaionja. Iliyokwisha kulisha zao zima kwa mbolea yenye kalsiamu ya kutosha imeshashiba, kwa hilo inaishinda mpya. Basi kuiloweka tena kwenye kalsiamu si lazima kila mara. Fanya hivyo kama zao lililopita lilisumbuliwa na matunda kuoza kitako, kama maji yana chumvi, au kama umeosha kwa maji mengi sana ya mvua. Kipimo: gramu 15 za kalsiamu naitreti na gramu 5 za chumvi ya Epsom (salfeti ya magnesiamu) kwa lita 10 za maji, zikitosha lita 10 za kokopiti. EC itapanda kwa takribani 2. Yeyusha kila moja kwenye maji mengi ndipo uchanganye. Zikikutana zikiwa nzito hugandana kuwa jasi na kutuama chini. Loweka usiku kucha, chuja, suuza mara moja. Maji yaliyotoka yana naitrojeni, yapeleke kwenye miti.

Sasa hewa, na hapa ndipo pa kutumia muda. Ziba matundu ya chungu cha lita 2 kwa utepe wa nailoni wenye gundi, kijaze kokopiti mpaka usawa wa lita 2 bila kushindilia. Mimina maji polepole mpaka uso ung'ae, subiri nusu saa, ongeza yakipungua. Weka chungu juu ya beseni, zibua matundu, acha yachuruzike mpaka tone la mwisho. Yakitoka mililita 400, nafasi ya hewa ni asilimia 20, safi kabisa. Mililita 200 ni asilimia 10, na hapo mizizi ya nyanya itakosa pumzi kila ukimwagilia. Dawa yake si kuosha. Chekecha vumbi kwa matundu ya milimita 2, kisha changanya perlaiti (punje nyeupe nyepesi za mwamba wa volkeno) au vipande vikubwa vya makumbi, sehemu moja kwa tatu za kokopiti, upime tena. Bado iko chini? Hiyo imezeeka, ihamishie bustanini. Kwa kawaida kokopiti hufika hapo baada ya mazao mawili au matatu marefu.

Kuua vimelea kwa joto, lengo ni nyuzi 60 za Selsiasi kwa dakika 30, zikipimwa katikati ya lundo, si pembeni. Kiasi kidogo unaweza kukimwagia maji yanayochemka, ujazo kwa ujazo, ndani ya pipa la chuma, ufunike kwa magunia na kuchomeka kipimajoto. Kiasi kikubwa kitandaze unene usiozidi sentimita 20, kikiwa na unyevu, ufunike kwa nailoni angavu na kubana kingo kwa udongo, jua kali wiki nne hadi sita. Nailoni nyeusi inaonekana kama ingefaa zaidi. Hupasha uso wake yenyewe, chini joto ni dogo. Dawa ya klorini ya kufulia iache: mabaki ya mizizi na vumbi la usumba huimaliza nguvu kabla haijafika kwenye kuvu, na inakuachia sodiamu.

Kokopiti iliyopikwa ni nyumba tupu, na mgeni wa kwanza ndiye mwenye nyumba. Iache wazi wiki mbili, Pythium inaweza kurudi kwa kishindo. Weka mboji iliyoiva vizuri, kiasi cha sehemu moja kwa ishirini, au Trichoderma (kuvu rafiki anayepambana na vimelea), mara tu ikipoa.

Kabla ya kujaza vyungu vyote, panda mbegu 20 za letusi humo na 20 kwenye kokopiti mpya, utunzaji uleule. Letusi haifichi chumvi wala uozo. Ndani ya siku kumi, kama upande wa zamani umeota pungufu sana au shingo za miche zimesinyaa na kulala, rudi hatua ya mizizi. Ikipita, panda zao la ukoo mwingine: tango au maharage baada ya nyanya, si hoho wala biringanya. Trei za miche zibaki na kokopiti mpya siku zote. Mche wa wiki moja hauna akiba ya kupigana na kinyausi, ugonjwa unaoozesha shingo ya mche.