Mia Moja ya Kinyongo

Ubaoni, kwa chaki ya bluu, mwenye banda la video alikuwa ameandika: SAA 10 JIONI – GRAJI PATI TUU – WENYE MOYO MDOGO MSIINGIE. Kiingilio shilingi 100. Ilikuwa Desemba 2007, nimemaliza mtihani wa kidato cha pili, na moyo wangu niliuona mkubwa wa kutosha.

Kibanda umiza chenyewe kilikuwa Mwanjelwa, nyuma ya mafundi cherehani. Mabati juu, mabati ubavuni, magunia ya viazi yamepigiliwa misumari kuziba mwanga, na mabenchi ya mabanzi yaliyokuwa yakichana suruali za watu bila ubaguzi. Mbele kabisa, ndani ya kizimba cha nondo kama mahabusu, ilikaa televisheni ya inchi 21 na deki yake.

Mwenye banda alikuwa na kipaji kilichotufanya tuvipite vibanda vingine vyote na kwenda kwake. Siku zile tulizoea mikanda iliyotiwa sauti na Lufufu kutoka Dar es Salaam. Ukija mkanda ambao Lufufu hajaugusa, mwenye banda alichukua maiki, akakohoa mara mbili, akautafsiri mwenyewe papo hapo. Kiingereza chake kilikuwa cha kidato cha nne, na pale kilipoishia yeye hakusimama, aliendelea tu. Hatukujali. Wachina wakirushiana mateke, nani anadai sarufi?

Graji ilidai.

"Graji," alitangaza, "maana yake kinyongo. Mtu akifa na hasira nzito, kinyongo kinabaki palepale alipofia. Ukikanyaga hapo, umekwisha."

Hilo alilipata sawasawa. Ndiyo sheria ya mkanda ule, The Grudge, na ndiyo iliyofungulia The Grudge 2 ya mwaka 2006. Takashi Shimizu, aliyeongoza zote mbili, alikuwa ameshaisimulia hadithi hiyo kwao Japani kwa jina la Ju-on kabla Wamarekani hawajamwita airudie kwa Kiingereza. Mwanamke anaitwa Kayako, ameuawa na mumewe nyumbani kwao Tokyo, na mtoto wao Toshio naye akauawa. Tangu hapo anayeingia nyumba ile haponi, hata akitoka atafuatwa. Pati wani tulishaiona, tena mara mbili. Kayako tulimwita Mama Kwaru kwa ile sauti yake ya kooni, kama mtu anaburuta kiti kwenye sakafu ya saruji. Tulimwogopa, lakini kwa utulivu fulani, maana mpaka ulijulikana. Nyumba iko Tokyo. Sisi tuko Mwanjelwa.

Pati tuu ikaanza Chicago.

Mama mmoja anakaanga nyama jikoni, mumewe analalamikia chakula. Mama hasemi kitu. Anamwagia mume mafuta ya moto kichwani, halafu anampiga na kikaango. Banda lote kimya.

"Huyu naye kaingia lini kwenye ile nyumba?" akauliza kondakta wa Hiace za Uyole, aliyekaa benchi la mbele siku zote kana kwamba amelikodi kwa mwaka.

"Subiri," akasema mwenye banda kwenye maiki.

Tukasubiri. Tukarudi Tokyo, wasichana watatu wa shule wanaingia kwenye nyumba kwa mchezo wa kutiana ujasiri. Tukaenda hospitali, na hapo ndipo zogo la kwanza lilipozuka. Karen, stelingi, yaani mhusika mkuu, wa pati wani, yule aliyepona motoni, anavutwa kutoka juu ya paa la hospitali, anaanguka, anakufa. Mapema kabisa! Msomaji ambaye hakulelewa kwenye mabanda hataelewa uzito wa jambo hili. Stelingi hafi. Anaweza kupigwa, kufungwa, kuzamishwa, kudanganywa na mwanamke, lakini hafi, na akifa basi ni dakika ya mwisho na amekufa na adui. Mtu mmoja alisimama akataka kutoka. Mwenye banda akamtuliza kwamba mdogo wake Karen, Aubrey, amekuja Japani, na yeye sasa ndiye stelingi.

Halafu mvua ikaanza. Mvua ya Desemba juu ya mabati ya Mbeya haikuachii hata sentensi moja. Kuanzia hapo tuliona midomo ikicheza na mwenye banda akipiga kelele maneno mawili mawili: "Kijijini!... Mama yake!... Mganga!" Ni sehemu ile ambapo Aubrey anakwenda kwa mama mzazi wa Kayako, ambaye alikuwa akiwatoa watu pepo wabaya na kumlisha pepo hao binti yake mwenyewe. Kwetu kilikuwa kikongwe kimekaa gizani, basi. Ghafla Chicago tena, kijana mdogo anaitwa Jake, jengo la ghorofa, na chumba cha jirani amejifungia mtu aliyevaa sweta la kofia. Ghafla Tokyo. Ghafla CD ya kwanza ikaisha, tochi ikawashwa, CD ya pili ikaingia. Ghafla Chicago.

Mwisho wenyewe ni huu. Aubrey anauawa kwenye nyumba ya Tokyo. Jake anakuta kwao wamekufa. Mwenye sweta anageuka, kumbe ni Allison, mmoja wa wale wasichana watatu wa shule, amerudi kwao Marekani na kinyongo kimekuja naye. Mama Kwaru anatokea ndani ya sweta. Giza. Majina yanapanda.

"Kwisha?" akasema mtu.

"Kwisha," akasema mwenye banda.

Nimehudhuria mijadala mingi tangu siku ile, mingine ya watu wenye shahada, na sijasikia uliofika kina cha ule. Kondakta alisimama akauliza swali ambalo mpaka leo sijaona filamu ikilijibu vizuri: "Kinyongo cha nyumba kinapandaje ndege? Nauli kalipa nani?" Fundi cherehani mmoja akamjibu kwamba kimekuja na binti. Kondakta akasema kama ni hivyo basi binti amegeuka kuwa nyumba, na majirani zake wamekufa bila kuingia nyumba yoyote zaidi ya zao wenyewe, sasa ile sheria ya mwanzo tuliambiwa ya nini? Mama muuza karanga, aliyekuwa ameingia kukwepa mvua na hakulipa chochote, akasema kinyongo hakina haja ya pasipoti. Watu wakacheka. Kondakta hakucheka.

"Umeweka CD ya pili kwanza," akasema.

Hapo mambo yakaharibika. CD za video zilibeba kama dakika 74 tu, kwa hiyo kila mkanda mrefu ulikuja vipande viwili, na kuvikosea kulikuwa dhambi inayojulikana ya mabanda. Mwenye banda akaapa. Akatoa CD mbili, akazionyesha chini ya tochi, moja na mbili zimeandikwa kwa kalamu ya wino. Tukasema walioidurufu ndio waliokosea namba. Kwa kutaka kutushinda, maskini, akarudisha CD ya kwanza mwanzo kabisa. Kikaango kikatokea.

"Unaona!" Kondakta alipiga kofi la ushindi. "Huo ndio mwisho! Huyo mama kawa hivyo baada ya binti kuhamia jirani! Kwa nini kiwe mwanzo?"

Tulikuwa watu 23 tuliolipa. Tulidai hela yetu. Mwenye banda alitutazama kwa muda, akafungua kopo la maziwa ya unga alilokuwa akiwekea mauzo, akatuhesabia mia mia. Nami nikanyoosha mkono. Hakutukana. Alisema tu, kwa sauti ya chini, mvua imeshapungua: "Mmeangalia mpaka mwisho, na hela mnachukua. Sawa tu."

Ile "sawa tu" nilitoka nayo.

Mwaka 2014, nikiwa nasoma chuo cha Mkwawa pale Iringa, niliiangalia tena kwenye kompyuta ya mwenzangu, nikaandika matukio nyuma ya daftari kwa mpangilio wake wa kweli. Mwenye banda hakukosea. Mkanda umekatwa hivyo makusudi, Chicago na Tokyo zinasukwa pamoja kana kwamba zinatokea siku moja, wakati ya Chicago yametokea baadaye. Na kondakta hakukosea pia. Kikaango cha mwanzo ni cha siku za mwisho. Wote wawili walikuwa sahihi, na mmoja akamlipisha mwenzake shilingi 2,300 za watu. Ningewapelekea habari, lakini kondakta sikujua alikoelekea.

Na Wajapani wenyewe wana la ajabu zaidi. Mwaka 1998 walitoa Ring, ile ya mkanda wa video unaoua baada ya siku saba, pamoja na mwendelezo wake, Rasen, siku moja hiyohiyo. Watu wakaipenda ya kwanza, ya pili ikawashinda. Basi mwaka uliofuata wakatengeneza mwendelezo mwingine, wakaendelea kana kwamba Rasen haijawahi kuzaliwa. Laiti tungejua mambo hayo Mwanjelwa, mwenye banda angekuwa na pa kujitetea.

Siku mbili baada ya zogo nilikwenda likizo kwa bibi, Tukuyu. Usiku wa tatu nikashikwa na baridi. Tukuyu ina baridi yake, ya mvua na migomba inayotona usiku kucha, lakini hii ilitoka ndani ya mifupa, meno yakagongana, na katika usingizi nikawa namsikia Mama Kwaru dirishani. Asubuhi zahanati walinipima damu, wakakuta malaria, wakanipa dawa ya mseto. Bibi akahakikisha nameza na uji. Halafu akakaa pembeni ya kitanda.

"Sasa sema, mume wangu. Usiku ulikuwa unamkataza nani asiingie?"

Nikamsimulia mkanda wote. Kwa mpangilio ule ule wa ovyo, maana mwingine sikuwa nao. Alisikiliza akimenya ndizi, na kila nilipohama Tokyo kwenda Chicago aliinua kisu kidogo, kama mtu anayehesabu.

"Huyo mwanamke aliuawa na mumewe," akasema mwishowe.

"Ndiyo, bibi."

"Ndugu zake walikuja?"

Sikujua. Sikukumbuka ndugu yeyote kwenye picha isipokuwa kile kikongwe.

"Walimlilia? Nani alikaa msibani?" Akatikisa kichwa. "Na hao watoto wa shule wamemkosea nini? Kinyongo kina mwenyewe na kina mtu wake. Mtu kama amekukosea wewe, unamnung'unikia yeye, humnung'unikii jirani wa jirani yake. Huo si kinyongo, huo ni ugonjwa."

Akanieleza mambo ambayo nilikuwa nimeyasikia nusu nusu tangu utotoni. Kwamba zamani, kwa Wanyakyusa, mtu akiwadharau wakubwa wake au majirani, wao hunung'unika usiku majumbani mwao, na manung'uniko hayo humfikia kama upepo wa baridi, akatetemeka akiwa kando ya moto. Lakini hayakuwa manung'uniko ya ovyo, sharti mtu awe amekosa kweli. Na yalikuwa na njia ya kutokea. Anaitwa, anasema alichokosa, wanaomnung'unikia nao wanasema yao, chakula kinapikwa, wanakula pamoja, baridi inaondoka. Jambo lisilo na njia ya kutokea, alisema, wazee hawakulipatia jina.

Nilijifunika blanketi mpaka kidevuni. Ilikuwa malaria, damu ilipimwa, karatasi ilikuwa juu ya meza. Hata hivyo neno baridi lilikuwa limeshaniingia.

"Bibi, kuna mtu Mbeya nimechukua hela yake."

Nikamweleza ya kopo na shilingi mia. Nikamweleza kwamba CD ilikosewa, kwamba watu wote walidai, kwamba sikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

"Ulikuwa wa ngapi?"

"Katikati hivi."

"Na mkanda uliuona mpaka mwisho?"

"Ndiyo. Ila mwisho haukueleweka."

"Ukila ubwabwa usiouelewa, unadai hela?" Akarudi kwenye ndizi zake. "Utaipeleka hiyo mia. Na hutakwenda mikono mitupu."

Ndivyo ilivyokuwa kwamba Januari 2008 nilishuka kwenye Coaster pale Kabwe na chane mbili za ndizi kwenye mfuko wa salfeti, nikapita nyuma ya mafundi cherehani saa tano asubuhi, saa ambayo banda halina watu. Mwenye banda alikuwa akifagia maganda ya karanga. Ubaoni palikuwa na karate tupu, wiki nzima.

"Shikamoo."

"Marahaba. Bado hatujafungua, dogo."

Nikampa ndizi, nikasema zimetoka kwa bibi Tukuyu. Nikampa na sarafu. Nikamwambia ni ya Graji. Aliigeuza sarafu mara mbili kiganjani, akanitazama, na nilidhani atauliza kwa nini, au atacheka. Aliweka ufagio chini, akaingia ndani, nami nikamfuata mpaka mlangoni. Kwenye bati la nyuma ya kizimba cha deki, kwa chaki ya bluu, palikuwa na orodha ya madeni ya watu, na chini kabisa, peke yake, imepigiwa mstari: GRAJI 2,300.

Akalamba kidole, akafuta, akaandika 2,200.

Kisha akamega ndizi moja kwenye chane, akanipa, akamega nyingine akaimenya mwenyewe. "Yule binti wa sweta," akasema huku mdomo umejaa, "alitokea kwenye CD ya kwanza au ya pili?"

"Zote mbili," nikasema.

"Zote mbili," akasema, akamega ya pili.