Walitaka niing'oe V8 ya petroli, kumbe ni shaba mbili za stata

Ukimiliki Land Cruiser 100 ya petroli, utaambiwa tu: "Ng'oa hiyo injini, funga 1HZ ya dizeli, upumzike." Mimi nimeambiwa na mafundi, nimeambiwa na shemeji, hadi kijana wa kituo cha mafuta kaniambia. Sikuing'oa, na sitaing'oa. Naandika haya kwa sababu inaniuma kuona watu wanatupa injini nzima, iliyo salama, kwa tatizo la spea ya elfu chache.

Injini ninayoizungumzia ni 2UZ-FE. Silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, cc 4,664, valvu 32, bloku ya chuma na hedi za alumini. Iliingia sokoni mwaka 1998 na hili hili Land Cruiser 100, Toyota wakaitumia pia kwenye Lexus LX 470, na Wamarekani wakaipata kwenye Tundra na Sequoia. Kuanzia 2005 wakaiongezea VVT-i, mfumo unaobadilisha muda wa kufunguka kwa valvu. Ya kwangu ni ya 2001, haina VVT-i, nguvu za farasi kama 230 hivi. Nimepanda nayo mlima Kitonga imebeba watu na mizigo, AC inafanya kazi, na mshale wa joto haukusogea.

Sasa sikilizeni kisa cha stata, yaani mota inayozungusha injini iwake. Shangingi lilianza tabia: nageuza ufunguo, linasema "tak" moja, kimya. Nageuza tena, "tak". Mara ya tatu au ya nne linawaka kama halikuwa na neno. Wiki zikapita, "tak" zikaongezeka. Fundi wa kwanza akasema betri. Nikanunua betri mpya, kubwa, na bei yake mnaijua. "Tak." Wa pili akaingia chini ya gari na tochi kutafuta stata aigonge na nyundo. Alikaa kule muda mrefu, akatoka na vumbi usoni, akasema, "Mama, hili gari stata yake imefichwa, tatizo litakuwa kontrol boksi, kompyuta ya injini." Kontrol boksi! Bei aliyotaja ingenunua bodaboda.

Stata ya 2UZ haiko chini, wala haiko ubavuni. Imelala juu, katikati ya V, kwenye bonde lililo kati ya hedi mbili, imefunikwa na manifoldi ya kuingizia hewa. Fundi asiyejua hilo msimruhusu aguse V8 yenu.

Nilichofanya ni hiki, na hakihitaji kompyuta. Usiku niliwasha taa kubwa za mbele zikimulika ukuta, nikageuza ufunguo na macho yangu ukutani. Likasema "tak", na mwanga ukabaki vile vile. Betri ingekuwa imechoka, au waya wa hasi umelegea, taa zingefifia mara stata inapojaribu kuvuta. Hazikufifia, maana yake umeme mwingi haukupita kabisa. Solenoidi, yaani swichi ya sumaku ya stata, inaruka, ndiyo hiyo "tak", lakini shaba za ndani hazigusani vizuri. Hapo nikajua nakwenda kufungua nini.

Nikamtafuta kijana mmoja aliyesomea chuo cha ufundi cha VETA, mtulivu, anayeweka kila boliti kwenye kikopo chake. Kabla ya kulegeza chochote tulipuliza upepo wa kompresa kuzunguka manifoldi yote, kwa sababu vumbi lililokaa pale miaka likidondoka kwenye tundu za hewa linakwenda moja kwa moja kwenye silinda. Manifoldi ilipoinuka tu, tundu zote nane zikazibwa na vitambaa safi. Hapo msione uvivu: nati moja ikitumbukia humo na injini ikawashwa, ndipo mtaitafuta kweli hiyo 1HZ.

Chini ya manifoldi tukakuta mchanga, majani makavu, na kando ya waya wa nok sensa (kihisio cha mgongo wa injini) alama za meno ya panya. Waya ulikuwa haujakatika, tukauvisha upya. Stata ikatoka kwa boliti mbili. Tulipofungua kifuniko cha solenoidi, jibu lilikuwa pale pale: shaba mbili zenye umbo la L, moja bado nene, nyingine imelika upande mmoja hadi imebaki nyembamba kama kucha. Sahani inayozigusa nayo ilikuwa nyeusi. Shaba mpya nilizipata Kariakoo kwa pesa ambayo haifiki tanki robo. Ufundi ulizidi bei ya spea mara nyingi, na nililipa kwa moyo mweupe. Gasketi za manifoldi wekeni mpya, msirudishe za zamani.

Tangu siku hiyo linawaka kwa mguso mmoja, asubuhi ya baridi Iringa au mchana wa jua Dodoma.

Jambo lingine linalonikera ni hili: "V8 ina cheni ya taimingi, haiguswi." V8 za Toyota zilizokuja baadaye, 1UR na 3UR, ndizo zina cheni. 2UZ ina mkanda wa taimingi, unaofanya valvu zifunguke kwa wakati wake, na mkanda huo huo ndio unazungusha pampu ya maji. Kwa soko la Marekani Toyota walisema ubadilishwe kila maili 90,000, yaani kilomita 145,000 hivi. Mimi sisubiri huko, kwa vumbi letu nabadilisha kwenye laki moja, pamoja na pampu, puli zake na tenshina inayoukaza. Gari likitoka Japani angalieni chini ya boneti kama kuna kibandiko chenye tarehe na kilomita za mkanda. Changu kilikuwepo, nusu kimebanduka, nikakisoma kwa kamera ya simu. Kama hakipo, hesabuni haujabadilishwa.

Oili ni lita 6.8 ukibadilisha na filta, mimi kila kilomita 5,000. Kwenye rejeta naweka kulanti nyekundu, dawa ya kupozea injini, maji ya bomba sitaki kuyaona. Nyuma ya injini, karibu na ukuta wa kabini, kuna viungio vidogo vya plastiki vya mipira ya hita: vikizeeka vinavunjika vikiguswa, na kulanti yote inamwagika njiani. Vyangu nilibadilisha kabla havijaniaibisha.

Mafuta linakunywa, sibishi. Mjini kilomita tano kwa lita, barabara ndefu kidogo zaidi. Lakini gharama ya kung'oa, kununua 1HZ iliyotumika, gia boksi yake, maunzi na waya, nikipiga hesabu naendesha petroli miaka mingi kabla haijarudi.

Sasa hivi injini ikiwa baridi nasikia mlio mdogo upande wa kushoto, tik-tik-tik, ikipata joto unapotea. Hiyo ni manifoldi ya ekzosti imepata ufa, ugonjwa wa kawaida wa 2UZ. Mtu keshaniambia ni valvu, nifungue hedi. Naagiza manifoldi.