Ile kwikwi ya siku ya chuma kitupu

Jana asubuhi nilikuwa nimelala chali kwenye mkeka baada ya mazoezi, macho nimefumba, nahesabu pumzi zangu kimoyomoyo, au nilidhani ni kimoyomoyo, kumbe midomo inacheza na sauti inatoka. Mwanangu alikuwa kakaa pembeni ananisikiliza muda wote. Nikafika kumi, nikarudi moja. Nikafika kumi tena, nikarudi moja. Mara ya tatu uvumilivu ukamshinda.

"Baba, kwani hujui kumi na moja?"

Nilicheka mpaka hesabu ikapotea. Nikamwambia naijua. "Sasa mbona ukifika hapo unarudi?" Nikamwambia ndo inavyofanywa. Jibu la hovyo kabisa, jibu la mtu mzima anayetaka aachwe, na yeye aliliona hivyo hivyo maana aliguna akaondoka zake. Mimi nikabaki pale nimekodolea dari macho, na badala ya pumzi nikawa nawaza kocha, nawaza chuma kitupu, nawaza ile kwikwi.

Mwaka aliofariki mzee wangu nilishauandika, siurudii. Hiki ni cha baada yake, na sijawahi kukiandika kwa sababu kinachekesha na sina uhakika kama nina haki ya kukichekea.

Siku ya nne baada ya kumzika nilirudi jimu. Watu wakanipa pole mlangoni, nikasema asanteni, nikapitiliza mpaka kwenye vyuma nikanyanyua uzito ambao sikuwahi kuunyanyua maishani mwangu. Wakapiga makofi. Nikajiona nimeshapata dawa. Kuanzia hapo ikawa kila siku, asubuhi nakimbia, jioni vyuma, hedifoni masikioni muziki juu kabisa, saa mkononi inaniambia mapigo ya moyo, hatua, dakika, kila kitu kina namba na kila namba lazima iipite ya jana. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anahitaji kama dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na siku mbili au zaidi za kukaza misuli, basi mimi zile 300 nilikuwa nazimaliza kabla ya Alhamisi. Nikiulizwa hali najibu niko fiti. Na nilikuwa fiti kweli, shati lilikaa vizuri mabegani. Kulala ndo nilikuwa silali.

Halafu mwili ukagoma. Kama wiki ya sita hivi uzito niliokuwa naucheza ukaanza kunielemea, mapigo ya moyo ya asubuhi kabla sijatoka kitandani yakawa yanapanda badala ya kushuka (mtu yeyote wa mazoezi atakwambia hiyo ni dalili mwili haupumziki), na siku moja nikamfokea mtu mbele ya watu eti kasogeza chupa yangu ya maji. Chupa. Hata haikumwagika.

Jioni ya kesho yake ndo kocha akanifuata. Kocha sio mtu wa hotuba. Alikuja pale nilipokuwa nimepanga uzito wangu, akaanza kuutoa, upande huu, upande ule, taratibu kama mtu anavyoondoa vyombo mezani, mpaka kikabaki chuma chenyewe, kilo 20, kile wanachoanzia wageni. Mimi nimesimama namwangalia tu.

"Toa hizo za masikioni."

Nikatoa.

"Saa."

"Kocha, saa ya nini tena?"

Akanyoosha mkono. Nikaivua nikampa, akaitia mfukoni. Nilihisi kama nimenyang'anywa kitambulisho.

"Mdogo wangu, unabana pumzi."

Nikamwambia si wewe mwenyewe ulinifundisha kubana. Na ni kweli alinifundisha, kwenye mzigo mzito unavuta hewa, unabana, kiwiliwili kinakuwa kigumu na mgongo unapata pa kuegemea. Akasema, "Kwenye mzigo mzito, ndio. Wewe siku hizi unabana hata ukifunga kamba za viatu."

Sikuwa na jibu.

Akaniambia leo ni skwati moja. Sio seti moja, skwati moja. Unashuka kwa pumzi tano, unakaa chini pumzi moja, unapanda kwa pumzi tano. "Usihesabu skwati. Hesabu pumzi. Na kila pumzi niambie kitu kimoja unachokisikia mwilini, kimoyomoyo, mimi sitaki kukijua."

Nikaingia chini ya chuma. Nakumbuka ubaridi wake shingoni, zile chorochoro za pale pa kushikia zikinikwaruza viganja. Bila muziki niligundua kwamba jimu ina sauti zake ambazo sijawahi kuzisikia, feni inayogonga kila ikizunguka, mashine moja kule nyuma inalia kama bawaba ya mlango, mtu anahema. Nikaanza.

Moja. Nilisikia aibu tu. Mtu mzima na chuma kitupu, na yule jamaa wa chupa yupo hatua chache anajifanya haoni.

Mbili. Taya. Meno ya juu na ya chini yamegusana yamebanwa kabisa, kama nimeng'ata kitu nisichotaka kukiachia. Nikajaribu kuyaachanisha, yakaachana, nikageuza mawazo kidogo tu na kurudi nikakuta yameshabanana tena bila ruhusa yangu.

Tatu. Vidole vya miguu. Vimejikunja ndani ya viatu kama kucha za ndege kwenye tawi. Nikajiuliza ni tangu lini. Labda tangu asubuhi. Labda tangu mwezi uliopita.

Nne. Mapaja yanatetemeka, na mimi huyu huyu niliyepigiwa makofi juzi, kilo ishirini zinanitetemesha. Na hapo kwenye nne ndo nikaisikia ile sauti iliyokuwa inahesabu kichwani mwangu, na sauti ile nilikuwa naijua.

Usiku wa mwisho wa mzee, muuguzi alinionyesha namna ya kuhesabu pumzi za mgonjwa. Unaangalia kifua, unaangalia saa, dakika nzima usidanganye kwa nusu dakika mara mbili. Mtu mzima aliyetulia anapumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Nadhani alinipa kazi ile ili mikono yangu isikae bure, nami nikaishika kama nimeajiriwa. Mzee alikuwa anapumua kwa namna ambayo baadaye nilikuja kujua ina jina, imepewa majina ya madaktari wawili wa karne ya 19, Cheyne na Stokes: pumzi zinakua, zinakuwa nzito, zinapungua, zinapungua, halafu kimya. Kimya kirefu mpaka unainuka kwenye kiti. Halafu inaanza tena kama hakuna kilichotokea, nawe unakaa. Nilihesabu usiku kucha. Na saa ni ile ile, iliyokuwa sasa hivi mfukoni mwa kocha.

Namba ya mwisho ninayo. Sijawahi kumwambia mtu.

Tano, na niko chini kabisa, magoti yamekunjwa, chuma mabegani, na hapo nikapata kwikwi.

Kubwa. Ya sauti. Mwili mzima uliruka na chuma kikaruka nao. Nikataka kupanda, ikaja ya pili. Nikakwama pale chini kama chura, ya tatu ikaja, kocha akakidaka chuma kwa nyuma akakirudisha mahali pake, mimi nikakaa kitako sakafuni na kwikwi haziachi. Na sasa jimu nzima imegeuka, na si mnajua watu na kwikwi, kila mtu ni daktari.

"Mpeni maji!"

"Anywe ameinama!"

"Abane pumzi! Mwambieni abane pumzi ahesabu mpaka ishirini!"

Na kocha wangu mkimya, ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, akang'aka: "Hakuna mtu kubana pumzi hapa!" Wakati huo huo kijana mmoja kaninyemelea kwa nyuma akanipigia yowe sikioni, eti kwikwi huondoka kwa kushtuliwa. Nilishtuka kweli. Haikuondoka. Watu wakacheka, mimi nikacheka, machozi yakanitoka nikiwa nacheka na kwikwi juu, na jamaa wa chupa, yule yule, akaja akanipa maji kwenye ile ile chupa yangu. Kila mtu aliyekuwepo siku ile atakwambia alimwona mtu mwenye kwikwi anacheka mpaka machozi. Niliwaacha waamini hivyo.

Mpaka leo mwenyewe sijui. Lugha yetu nayo haisaidii, aliyeshiba haraka ana kwikwi na aliyefiwa analia kwa kwikwi, neno moja. Nilisoma baadaye kwamba hata mwili karibu unakubaliana na lugha, kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu, ndo unaoshtuka kwenye hii na ndo unaoruka ruka kwenye ile. Kwa hiyo ukinibana nieleze nilikuwa na ipi, nitakujibu nilikuwa na kwikwi, na sitakuwa nimedanganya.

Watu walipotawanyika kocha akakaa chini kando yangu. Alikaa muda mrefu. Halafu akaniuliza, "Nilikosea kukwambia uhesabu?" Nikamweleza habari ya saa. Sio yote, namba sikumwambia. Akaitoa mfukoni, akaiangalia kama kitu kilichomng'ata, akanirudishia akiwa kaishika kwa mkanda.

"Basi pumzi tuziache. Tuanzie kwenye nyayo."

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa miezi. Chuma chepesi, na kazi yangu ilikuwa kusikia kisigino, ukingo wa nje wa mguu, kidole gumba kinavyosukuma sakafu. Nikipotea kwenye mawazo narudi kwenye kisigino. Nikiulizwa nafanya mazoezi gani siku hizi naona aibu kusema nafanya visigino. Baadaye nikajua kuna watu wameijenga hii kitaalamu, Jon Kabat-Zinn alianzisha mwaka 1979 huko Massachusetts, Marekani, programu ya watu wenye maumivu sugu, na lile zoezi lake la kuupitia mwili kwa akili ukiwa umelala huanza na vidole vya mguu wa kushoto. Kocha hakuwa anamjua. Alianza na nyayo kwa sababu ndo zilizokuwa mbali zaidi na kifua.

Kinachonikera kidogo ni namna watu wanavyokwambia "rudi kwenye pumzi yako" kama vile pumzi ni nyumbani kwa kila mtu. Mwenye pumu je? Anayepatwa na hofu ya ghafla mpaka kifua kinabana? Aliyekaa usiku kucha anaangalia kifua cha mtu mwingine? Kuna miguu, kuna viganja, kuna hata feni inayogonga. Na zile habari kwamba huzuni inahifadhiwa kwenye nyonga, ukinyoosha nyonga inatoka, mimi sizijui, yangu sikuikuta kwenye nyonga wala kwenye taya, niliikuta kwenye hesabu. Lakini hili la kutoa pumzi taratibu kuliko ulivyoivuta silibishii, kwa wengi wetu moyo unapunguza mwendo, hilo ni la mwili tu, halikutaki uamini chochote.

Kwenye kuhesabu nilirudi baada ya kama mwaka, na nilirudi kwa sababu ya ile kumi. Ni njia ya zamani sana, watawa wa Zen, tawi la dini ya Buddha, wanaitumia, unahesabu mpaka kumi unarudi moja, ukipotea katikati unarudi moja, ukijikuta uko kumi na saba ujue ulisinzia, rudi moja. Hakuna jumla. Kule kwa mzee jumla ilikuwepo.

Msidhani nimekuwa mtu wa utulivu. Kuna siku bado nanyanyua kwa hasira na sitawadanganya, inanoga. Saa ipo kwenye droo, imekufa chaji, sijaitupa na sijaichaji.

Basi jana hiyo hiyo jioni nikawa tena mkekani, mwanangu akaja akajilaza kando yangu bila kuulizwa, akafumba macho kwa nguvu mpaka uso wote ukakunjamana, akasema tuhesabu wote. Nikamweleza sheria. Akaitikia. Tukaenda pamoja vizuri, pumzi zake fupi fupi zinanitangulia, tukafika kumi, mimi nikasema moja na yeye akasema kumi na moja.

Nikanyamaza. Sikumrudisha. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Tumbo lake linapanda na kushuka pale pembeni yangu na mimi nimeshafumbua macho naliangalia. Alipofika kumi na tisa akasita, akanigeukia.

"Baba, inayofuata ni kumi na kumi?"